Shangazi, mdomo wa mtoto wangu umejaa weupe na nyumbani wanasema ni silimu (ukimwi)

Shikamoo shangazi,

Naandika saa nane usiku manake mchana simu inashikwa na kila mtu hapa nyumbani na sitaki mtu asome haya. Mimi ni mama wa miaka 22, naishi Mpondwe, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, nilikuwa nauza vitenge siku za soko ila sasa niko nyumbani na mtoto wangu wa kwanza, msichana, juzi ndo ametimiza wiki nane. Nimeolewa, tunakaa ua mmoja na mama mkwe.

Mtoto alizaliwa salama, kilo 3.1, akalia vizuri akanyonya siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu mimi ndo niliugua, pale niliposhonwa pakaanza kutoa usaha na homa ikapanda, nikapewa amoksilini za siku saba nikapona. Alafu kama wiki moja baadaye nikaona kitu cheupe kwenye ulimi wa mtoto. Nikasema ni maziwa. Kesho yake kikawa ndani ya mashavu, alafu ndani ya midomo, vipande vipande kama maziwa yaliyoganda, nafuta haitoki. Siku ya chanjo ya wiki sita nilimwambia nesi lakini foleni ilikuwa imefika nje chini ya mwembe, akachungulia haraka akasema ni maziwa hayo mama, akampima kilo 4.6, akamchanja, akaita mwingine.

Nikaenda duka la dawa. Yule wa dukani hakumfungua mtoto hata mdomo, akanipa antibayotiki ya maji, nikampa siku tano, weupe ukaongezeka shangazi, ukapanda mpaka juu kwenye paa la mdomo. Nikarudi, akanipa jeli ya kupaka. Usiku wa kwanza nimempaka tu akapaliwa, pumzi ikakatika mpaka midomo ikabadilika rangi, nikampindua nikampigapiga mgongoni ndo akalia. Sijaigusa tena hiyo jeli, iko kwenye kavera juu ya kabati, nikiiona natetemeka.

Mama mkwe naye ana dawa yake. Anachukua kitambaa anakichovya kwenye chumvi na asali, anamsugua mtoto mdomoni mpaka damu inatoka, mtoto analia mpaka sauti inaisha, akija kunyonya anashika ziwa anaachia, anashika anaachia. Anasema pia hizi ni ebinyo zinakuja, fizi zimevimba kwa sababu ya meno ya uongo, na kuna mzee huko mlimani anayeyatoa, ameshamtumia ujumbe, wamepanga Jumamosi. Leo ni Jumanne.

Na mimi chuchu zinaniwaka kama zimepakwa pilipili, hata mtoto akimaliza kunyonya zinaendelea kuchoma mpaka ndani ya ziwa. Mama mkwe anasema maziwa yangu yameharibika, nimwachishe, nimpe ya ng'ombe niyachanganye na maji.

Lakini linaloninyima usingizi ni lingine. Jirani alikuja kumwona mtoto, akamchungulia mdomo, akanyamaza, kisha nikamsikia nje anamwambia mama mkwe, mdomo mweupe hivi ni silimu, sisi watu wa zamani tunaijua. Toka siku hiyo mama mkwe hali kwenye sahani niliyoosha mimi. Mume wangu anafanya biashara ya kuvuka Kongo, alirudi Ijumaa, mchana hakusema kitu ila usiku akaniuliza, kwani wewe ulipimwa? Nilipimwa mara mbili nikiwa mjamzito, ya mwisho mimba ikiwa na miezi minane, zote hakuna kitu, na imeandikwa kwenye kitabu. Yeye hajawahi kwenda. Sasa mimi mwenyewe nimeanza kuogopa. Huu weupe unatoka wapi? Ni ugonjwa wa mdomo tu au mwili mzima wa mtoto una shida huko ndani? Na je nirudi kupima? Nisaidie shangazi, na jina langu usiliweke.

Mama wa mpakani


Marahaba mwanangu,

Jina sijaliweka. Naanza na Jumamosi kwa sababu ndo iko karibu: mtoto asiende kwa huyo mzee. Hata nyumba nzima ikinuna, hata kama pesa imeshatolewa. Mengine yote uliyoandika tuna muda nayo, hili hatuna.

Nimekuwa mkunga miaka mingi kwenye vituo vya afya huku kwetu magharibi, na hizo ebinyo nazijua kwa macho yangu. Kinachotolewa pale sio jino la uongo na sio mdudu kama wanavyoonyesha watu. Ni jino la utotoni lenyewe, chonge, bado halijakomaa, liko jeupe na laini ndani ya fizi linangoja miezi yake ifike. Ukimshika mtoto yeyote wa miezi miwili pale kwenye chonge utakuta fizi imetuna kidogo, ndivyo tulivyoumbwa, wako pia atakuwa nayo na hana ugonjwa wowote wa fizi. Wanapachimba na spoku ya baiskeli, au kisu, au ukucha, bila ganzi, na kile kile walichomchimbia mwenzake jana. Kuna mmoja wa miezi mitatu aliletwa kwetu siku ya nne baada ya kufanyiwa hivyo, shavu limevimba mpaka jicho limefunga, mwili moto, pande mbili za fizi kuna mashimo yananuka, na mama yake ameshika kipande cha jino kwenye karatasi, amekihifadhi anionyeshe, anaamini ndo ugonjwa uliotoka. Huyo tulimpa dawa ya mshipa tukamkimbiza hospitali kubwa usiku ule ule. Wapo wanaopona, na wapo ambao sumu inaingia kwenye damu na hawafiki. Hata wanaopona, meno ya ukubwani pale mara nyingi huota yamepinda au yameharibika, mengine hayaoti kabisa.

Haya, sasa huo weupe.

Kuna weupe wa maziwa na kuna weupe wa fangasi, na ni rahisi mtu kuchanganya akiangalia haraka, ndo maana nesi mwenye watoto wengi mbele yake alikosea. Maziwa yanakaa kwenye ulimi peke yake, tena ulimi kwa juu, ukipitisha kitambaa laini chenye unyevu mara moja yanatoka. Fangasi inapanda kwenye mashavu kwa ndani, fizi, midomo kwa ndani na paa la mdomo, imeng'ang'ania, na ukiilazimisha kutoka inaacha chini pekundu panapotoa damu. Ukitaka kuona vizuri, mngoje aanze kulia, washa tochi ya simu ikae pembeni sio machoni pake, angalia shavu la ndani. Wewe umeniandikia mashavu, midomo, paa la mdomo, haifutiki, na chuchu zako zinawaka. Mimi siwezi kumpima mtoto kwa barua lakini hayo yote yananielekeza sehemu moja, na mtu wa afya akimwangalia kwa utulivu dakika mbili atakuambia.

Inaitwa kandida. Ni fangasi ya jamii moja na hamira, ila sio ile ya maandazi, hii inaishi kwa watu. Yani hata mimi ninayeandika hapa inawezekana ninayo mdomoni, watu wengi wazima wenye afya yao wanayo na hawajui, kwa sababu mate, kinga ya mwili na bakteria wengine wa mdomoni wanaibana isizidi. Mtoto anaipata mapema sana, wengine wakati wanapita njia ya uzazi, wengine kwenye chuchu, kwenye vidole vya wanaomshika, kwenye chupa. Kuwa nayo tu sio ugonjwa. Ugonjwa unakuja ikipata nafasi ya kutanda, na mdomo wa mtoto mchanga una nafasi kubwa, mate bado machache, kinga bado inajifunza, na maziwa yanapita pale usiku na mchana. Ndo maana tunaikuta sana kuanzia wiki ya pili hivi mpaka miezi sita, kwa watoto ambao hawana shida nyingine yoyote.

Alafu kwenu ikafunguliwa mlango. Zile amoksilini ulizomeza wiki ya tatu zilikuwa za lazima, usijilaumu hata kidogo, mshono wenye usaha na homa kwa mzazi sio kitu cha kuchezea. Lakini antibayotiki inaua bakteria, fangasi haiiui, kwa hiyo wale waliokuwa wanaibana wakipungua yenyewe inatanuka, kwako kwenye maziwa na chuchu na kwa mtoto mdomoni. Ukaiona wiki moja baadaye, umeisimulia mwenyewe. Kisha mtoto naye akapewa antibayotiki yake siku tano, ikawa kama kuondoa walinzi waliobaki. Hapo nakasirika kweli, sikufichi. Mtu anauza dawa ya mtoto wa wiki sita bila kumwangalia mdomo!

Umeuliza kama ni mdomo tu au ni mwili mzima. Hili swali ni zuri kuliko unavyodhani na ndo nataka nikae nalo, manake hapa Uganda tumezoea kuujibu mdomo kabla hatujamwangalia mwenye mdomo.

Chukua kitabu cha mtoto, fungua ule ukurasa wa mistari ya uzito. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya namba mbili ulizoziandika kwa haraka kana kwamba hazina maana: kilo 3.1, kilo 4.6. Mwanangu, hiyo ni kilo moja na nusu kwa wiki sita. Mtoto wa kike wa wiki sita aliyezaliwa na uzito kama huo, kilo nne na nusu na kidogo ndo tunapomtarajia, wako yuko pale pale. Na siku ile anapimwa weupe ulikuwa tayari mdomoni! Mtoto ambaye mwili umeshindwa huko ndani haongezeki hivyo. Utando peke yake hautwambii hali ya mwili, unatwambia kuna fangasi imetanda, basi. Mwili tunausoma kwa uzito, kwa namna anavyonyonya, anavyokojoa, anavyokuangalia na kufuata uso wako, kama ana homa zisizoisha au kuhara kusikokoma.

Lini sasa mdomo unasema kitu kikubwa zaidi? Ukiona ametibiwa vizuri, dawa sahihi na siku zote zimetimia, bado haiondoki, au inaondoka inarudi, inaondoka inarudi. Au inatokea kwa mtoto mkubwa, tuseme wa mwaka, ambaye hakupewa antibayotiki wala dawa nyingine ya kuieleza. Au mstari wa uzito kwenye kitabu umelala au unashuka. Au ina wenzake, nimonia mara kwa mara, tezi zimevimba shingoni na kwapani, kuhara. Hapo fangasi inakuwa dalili kwamba kinga imechoka, na tunatafuta kwa nini: utapiamlo, virusi, au kitu kingine. Na kwa watoto waliozaliwa kabla ya miezi wakiwa wadogo sana, wale wa kwenye mashine, kandida inaweza kuingia hata kwenye damu, wale wana uangalizi wao wa hospitali. Wako sio wa hapo kwa jinsi ulivyonieleza.

Lakini kuna upande wa pili na huu unakuhusu leo. Mdomo unaouma unaweza wenyewe kuuharibu mwili. Anashika anaachia, anashika anaachia, hiyo ni njaa inakuja. Kitambaa cha chumvi kinamchubua, kidonda kinaongezeka, ananyonya kidogo zaidi. Kwa hiyo kinachotakiwa kumwogopesha mama mkwe ni huko kusugua kuliko weupe wenyewe. Na asali, nakuomba sana, mtoto asionje asali mpaka amalize mwaka mzima, hata tone, hata iwe ya msituni safi kabisa. Ina vijidudu ambavyo tumbo lako wewe linavimudu, tumbo la mtoto halivimudu, vinaweza kutoa sumu inayolegeza mwili mpaka kupumua kunashindikana. Ukiona ameanza kulegea shingo, choo kimefunga, kilio kimekuwa dhaifu, macho hayafunguki vizuri, usingoje, nenda hospitali na useme alipewa asali.

Kuhusu silimu. Usimchukie huyo jirani. Mimi nilianza wodi nikiwa mwanafunzi mwaka 1991 na najua alichokiona, manake nilikiona. Hapa Uganda ugonjwa ulionekana kwanza kule Rakai mwanzoni mwa miaka ya 80, na kwa miaka mingi hapakuwa na dawa, tulichokuwa nacho ni maji, panadoli na ile dawa ya zambarau ya kupaka. Watu wazima walikuja ulimi mweupe mpaka kooni, hawamezi hata uji, na tulijua hawatarudi nyumbani. Dawa zilianza kutolewa bure mwaka 2004, kabla ya hapo kwa wengi ilikuwa ni kuzika tu. Macho yaliyoona hayo hayasahau, akichungulia mdomo wa mjukuu wa mwenzake anaona wodi ile. Ila mtu mzima mwenye ulimi vile na kichanga cha wiki nane aliyetoka kwenye antibayotiki ni vitu viwili tofauti, na sahani haiambukizi mtu virusi, hata hiyo ya enzi zile haikuambukiza.

Kupima urudi. Sio kwa sababu ya mdomo, wala ya jirani. Urudi kwa sababu unanyonyesha, kipimo chako cha mwisho ni cha kabla hujazaa, mume hajapima hata siku moja, na mama anayenyonyesha anatakiwa arudie kipimo. Sababu ni hii: mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, ndo kipindi virusi vinakuwa vingi sana kwenye mwili wake na maziwa, na akijua mapema dawa inamlinda yeye na mtoto, akichelewa kujua mtoto anabaki bila ulinzi. Ukipima ukakuta hakuna kitu, swali la mtoto kwa sasa limeisha. Ukikutwa nayo, mtoto ana kipimo chake cha kuchukua damu kidogo kisiginoni ikawekwa kwenye kadi inaenda maabara, kile cha haraka cha watu wazima hakimfai peke yake mpaka afike miezi 18 kwa sababu kinaonyesha kinga ya mama. Na siku hizi mama mwenye virusi anameza dawa, ananyonyesha, na mtoto anakua bila virusi, nimewaona wengi, wengine wako shule. Kwenye vituo vya serikali vyote hivyo ni bure. Mume aliyekuuliza usiku, mjibu mchana: mimi nimepima mara mbili, twende ya tatu pamoja. Mkionekana mnaingia wawili na mtoto mgongoni watu hawana la kusema, na akikataa nenda peke yako, usimngoje.

Sasa dawa. Kwenye kituo mwambie muuguzi, mtoto ana fangasi mdomoni naomba amwangalie kwa tochi, na umtajie antibayotiki mbili, yako na yake, na ile jeli. Dawa tunayoitumia kwa umri huu ni nistatini ya maji. Kawaida ni mililita moja mara nne kwa siku baada ya kunyonya, ila fuata walivyokuandikia. Itikise chupa kwanza kwa sababu dawa inakaa chini, vuta kwa dropa, nusu weka shavu la kulia, nusu la kushoto, pole pole, kisha nawa mikono ufunge kidole na kitambaa safi au pamba ulowanishe kwenye hiyo dawa upitishe kwenye vipande vyeupe, kupitisha tu bila kusugua. Inafanya kazi ikigusa, ndo maana tunampa akishamaliza kunyonya, ukimpa kabla maziwa yanaisafisha yote inaenda tumboni. Huwa ni siku saba mpaka kumi, na hata weupe ukiisha siku ya nne usiache, maliza, angalau siku mbili zaidi baada ya kuona pamekuwa safi. Wengi wanaacha siku ya nne alafu wiki inayofuata wanarudi wanasema dawa haifanyi kazi.

Jeli iache pale juu ya kabati, au bora itoe kabisa kwenye nyumba. Sio sumu, ila ni nzito inanata, na mtoto chini ya miezi minne hajajua kuimudu, inaweza kuziba koo, umeona mwenyewe. Ulivyompindua ukampiga mgongoni ulifanya vizuri sana. Ile dawa ya zambarau, GV, zamani ndo ilikuwa kila kitu na bado utaikuta. Madukani inauzwa kali na inachoma mdomo wa mtoto mpaka vidonda, na siku hizi kuna nchi zimetoa tahadhari kuhusu usalama wake, kwa hiyo usijipakie mwenyewe nyumbani.

Na wewe utibiwe siku hiyo hiyo! Hapa ndo wengi wanakosea, mtoto anatibiwa, chuchu zinabaki nazo, anaipata tena mchana huo huo, mnarushiana kama mpira. Mwonyeshe muuguzi matiti yako, aangalie pia namna mtoto anavyoshika, kwa sababu maumivu mengine ni ya kushika vibaya, kashika ncha tu. Akiona ni fangasi atakupa krimu ya kupaka kidogo kila baada ya kunyonyesha, na kabla ya kunyonyesha tena futa iliyobaki. Maziwa yako hayajaharibika. Usimwachishe, usimpe ya ng'ombe wala maji ya glukosi, mpaka miezi sita ziwa linamtosha. Akishindwa kushika kwa maumivu, kamua umpe kwa kikombe kidogo safi. Kama kuna chupa au chuchu bandia humo ndani chemsha kila siku, au vizuri zaidi achana nazo. Sidiria na vitambaa vya maziwa fua kwa maji ya moto, anika juani. Mkague na chini pia, fangasi inapita tumboni inatokea kwenye nepi, ukiona pekundu sana kwenye mikunjo na vipele vidogo vidogo pembeni, mwonyeshe muuguzi siku hiyo hiyo.

Kituoni usiende peke yako, nenda na mama mkwe. Najua moyo wako unasema hapana. Lakini yule anamsugua mtoto kwa sababu anaogopa kumzika mjukuu, ndo dawa aliyofundishwa, na akisikia kutoka kwako atasema umemdharau. Mwache asikie kwa muuguzi, aone kwa tochi, ashike chupa ya dawa yeye. Mwambie, mama, wewe mikono yako imelea watoto, nisaidie kumshika wakati naweka dawa. Kuchemsha vikombe mpe yeye. Na ebinyo muuguzi amwambie mbele yako, au tafuta VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji chenu, aje nyumbani kabla ya Jumamosi, wale wanasikilizwa.

Usingoje foleni ya kesho, nenda saa hiyo hiyo hata usiku kwa boda, ukiona amekataa kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, amekuwa moto au amekuwa baridi kupita kawaida, anapumua mbio, yaani ukihesabu dakika nzima zinafika 60 au zaidi, na akishatimiza miezi miwili 50 au zaidi, kifua kinabonyea akivuta pumzi, amelegea hachezeshi mikono, au anashtuka mshtuko wa degedege. Na ukiona nepi kavu tangu asubuhi mpaka jioni.

Leo umeniandikia Jumanne. Kesho Jumatano mbebe uende asubuhi kabla foleni haijafika kwenye mwembe, na kabla ya kutoka hakikisha wamempima uzito, hata wakisema sio siku yake. Kwa wiki nane natarajia ameikaribia kilo tano, hata baada ya wiki hizi mbili mbaya. Niandikie hiyo namba, usiku kama unavyoandikaga, nitakuwa naingoja.

Shangazi